Ngumi Mbili Chini ya Bampa

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, maneno niliyoyasema mara nyingi kuliko yote ndani ya gari langu yalikuwa haya: "Mushuke kidogo." Nilimwambia mke wangu akiwa na mfuko wa viazi mapajani. Niliwaambia wenzangu wa kazini wakiwa wamevaa suti na kubeba mafaili. Nilimwambia padri mmoja niliyempa lifti mvua ikinyesha, naye akashuka, akakunja kanzu hadi magotini, akanisubiri upande wa pili wa jiwe bila kulalamika. Na nilimwambia baba yangu. Habari ya padri huwa naisimulia huku nacheka. Ya baba sijawahi kuisimulia kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la Kijapani, usukani upande wa kulia kama magari mengi ya mji wetu, ingawa sisi huku Congo tunaendesha kulia pia. Maana yake abiria wa mbele anakaa kushoto, na akifungua mlango anashukia katikati ya barabara, pale pikipiki zinapopita. Tumezoea. Mimi ni déclarant, kazi yangu ni kujaza karatasi za mizigo inayovuka mpaka, na niliziona karatasi za gari hilo kabla sijaliona lenyewe. Karatasi hazikusema kwamba huko lilikotoka kuna mtu aliyelishusha mpaka likabaki kidogo tu likae chini, akalivalisha bampa la mbele lililochongoka kama mdomo wa bata, mabapa ya plastiki ubavuni, na nyuma bawa dogo ambalo halijanisaidia kwa lolote mpaka leo. Nililikuta limeegeshwa kwenye lami ya mpakani, limelala namna ile, nikalipenda papo hapo. Barabara za Goma nilikuwa nazijua. Nimekulia juu ya mawe haya meusi ya volcan, nimeyakanyaga peku, na nyumba yangu imezungushiwa ukuta wa mawe hayo hayo. Nilijua, na bado nikalinunua. Basi, tuseme hiyo ndiyo aibu ya kwanza, na tuseme ni ndogo.

Waendesha pikipiki walinitania tangu siku ya kwanza. "Patron, gari yako inafagia!" mmoja alipiga kelele. "Kuya na kwetu, ufagie parcelle!" yaani nije nifagie uwanja wa nyumba yao. Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilisikia ni sifa. Mtu akigeuza shingo kunitazama, hata kama ananicheka, mimi nilihesabu shingo tu.

Kupita dodani kwa gari la namna ile kulikuwa na utaratibu wake. Dodani ni yale matuta ya kupunguza mwendo. Unasimama kabisa. Watu wanashuka, gari linainuka kiasi cha vidole viwili. Unaliingia tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, kichwa kikiwa nje ya dirisha, masikio wazi. Ukisikia krrr, unarudi nyuma unajaribu upande mwingine. Mawe ya mtaani kwetu, Katindo, yalikuwa mabaya kuliko dodani, maana dodani angalau imetengenezwa na mtu aliyefikiria magari. Kati ya mlango wetu na lami kulikuwa na mahali patatu pa kushusha watu. Wanangu walipazoea kiasi kwamba walifungua milango wenyewe, wakakimbilia mbele wakisukumana, kwao ilikuwa mchezo.

Baba alikuwa akiishi kwenye nyumba ndogo ya nyuma, ndani ya uzio wetu, tangu mama alipofariki na yeye akaachana na malori. Alikuwa dereva wa lori kwa miaka mingi sana, Butembo hadi Goma, maharage na ndizi na watu juu ya maharage. Malori yalimwachia magoti yasiyokunjika vizuri na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Mtu wa maneno machache. Nilipoleta gari nyumbani alilizunguka mara moja, akaligonga boneti kwa kidole, akasema, "Iko muzuri." Halafu akaenda kumwagilia mboga zake.

Mara ya kwanza nilipomshusha, nilikuwa nampeleka kwa daktari kwa ajili ya magoti hayo hayo. Mwisho wa mtaa wetu kuna jiwe lililotokeza, pana, ambalo hakuna aliyewahi kuliweza kwa nyundo. Nilisimama mbele yake. Kwanza nilisubiri, nikitumaini kwamba atajishukia mwenyewe, nisilazimike kusema. Hakushuka, aliangalia mbele tu. Ndipo nikasema, "Papa, mushuke kidogo, gari ipite." Akanitazama. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akauvuta wa pili kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mzigo, akashika paa, akasimama. Nikapita. Hakukuwa na krrr. Nakumbuka nilifurahi.

Nilipomshusha siku hiyo ndipo nilipoikumbuka Kalengera, na nikafanya haraka kuisahau.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, wakati wa likizo, nikiwa nimekaa naye kwenye kabini. Karibu na Kalengera mvua ilikuwa imenyesha, na mahali pamoja barabara ilikuwa imegeuka uji. Lori lilikwama. Baba alisimama kwenye kikanyagio cha mlango akaita watu waliokuwa juu ya magunia: "Bote chini! Muzee abaki. Mama mwenye mimba abaki." Kulikuwa na mzee mmoja huko juu, mnene, mwenye kofia ya manyoya, na kijana mmoja akalalamika kwamba huyo ndiye mzito kuliko wote, kwa nini abaki. Baba akamwambia, "Muzee haiko muzigo." Kisha akaamuru magunia ya maharage yashushwe, moja baada ya jingine, kwenye matope, mali ya watu, na yeye mwenyewe akabeba. Tulichelewa nusu siku. Yule mzee alikaa juu peke yake mpaka lori likatoka, akitazama milima. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba, na kwenye barabara ile madereva wenzake waliijua.

Sasa mtu huyo nilikuwa namshusha mimi, kwa sababu ya plastiki.

Nikamshusha tena, na tena. Kanisani Jumapili. Sokoni. Kwa rafiki yake aliyelazwa. Baada ya mara tano sita sikulazimika kusema. Nilikuwa nikipunguza mwendo, mkono wake unakwenda kwenye kitasa. Nilijiambia kwamba hachukii, kwamba mtu wa malori anaelewa gari. Mimi ni hodari wa kujaza fomu. Najua kutafuta kisanduku kinachofaa.

Jumamosi moja nilimkuta amepiga goti lake baya mbele ya gari, mkono mmoja kwenye taa, mwingine chini. Alikuwa amekunja ngumi akijaribu kuipitisha kati ya bampa na ardhi. Haikupita.

"Ngumi moja haiingie," alisema. "Gari ya huku inaomba ngumi mbili. Moja juu ya ingine. Pungufu ya ile, utavunja tu."

Ndivyo alivyopima maisha yake yote. Akaniambia anamjua fundi mmoja, karibu na ukuta wa kambi ya wanajeshi, mtu aliyemtengenezea lori zamani. Tukaenda pamoja. Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye mvi na ovaroli isiyojua tena rangi yake. Aliingiza kichwa chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa.

"Banakata ressort," alisema. Maana yake mwenye gari wa kwanza alikuwa amekata springi kwa msumeno ili gari likae chini. "Siku mbili, patron. Nakuwekea ressort mirefu, naongeza rondelle ya aluminium juu yake, unatafuta mapira ya kupanda kidogo. Na hii pare-choc ninatosha, na hii ya mbavu pia. Gari inapanda." Yaani springi ndefu, pete juu yake, matairi makubwa kidogo, na bampa na mabapa ya ubavuni yatolewe.

Nikamuuliza kama hawezi kuliinua gari na kuyaacha mapambo.

"Kuinua nitainua. Lakini ule mudomo utabakia palepale, chini. Weye unataka gari ipite, ama unataka ionekane?"

Alicheka, na mimi nikacheka. Lakini wiki iliyofuata mdogo wangu alikuwa anakwenda kutoa mahari, sherehe ambayo sisi tunaiita dot, kwa familia moja ya Munigi. Gari langu lilikuwa limepangwa kutangulia msafara, na riboni ilikuwa imeshanunuliwa. Mpiga picha alikuwa ameshaniambia atalipiga likiwa peke yake, kwa chini, upande wa mbele. Nikamwambia fundi: baada ya dot. Baba alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono juu ya magoti, anasikia kila kitu. Fundi akamtazama yeye, si mimi.

"Basi," baba alisema, "nyuma ya dot."

Laiti angenigombeza. Nimefikiria mara nyingi, angepandisha sauti hata kidogo, ningekasirika, tungegombana, na labda ningefanya la maana kwa hasira. Lakini baba hakuwa na kawaida ya kumgombeza mtu mzima mbele ya fundi.

Siku ya dot ilikuwa na jua. Baba alivaa suti yake nyeusi, ile ya harusi yake, na viatu alivyovipaka rangi tangu jana yake. Alikaa mbele, mdogo wangu akakaa nyuma akiwa na jasho kabla hata hatujaondoka. Nyuma yetu kulikuwa na magari matatu ya ndugu, na mwisho teksi-basi iliyobeba shangazi yetu, mbuzi, na vitenge vilivyofungwa vizuri. Mimi nilitangulia nikipiga honi. Watu walitupungia mikono. Nakiri kwamba kwa muda wa kama dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini Goma.

Kisha tukafika kwenye dodani ya kwanza ya barabara ya kwenda Munigi. Nikasimama. Mdogo wangu akashuka upande wa njia, baba akashukia katikati ya barabara. Pikipiki ikampita karibu kiasi kwamba koti lake lilipepea. Mwendeshaji akageuka akatukana, halafu akaona mvi, akaomba samahani kwa mkono. Magari ya ndugu zangu yalipiga honi nyuma yangu, yakachoka, yakatupita. Kwenye dodani ya pili teksi-basi nayo ikatupita, na nilimsikia mbuzi mmoja akilia. Kwenye ya tatu hatukuwa tena mbele ya msafara wowote. Tulikuwa gari moja lenye riboni, linalosimama kila mahali ili bwana harusi na baba yake watembee kwa miguu.

"Grand, tunachelewa," mdogo wangu alisema. Ananiita hivyo kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Tunafika," nilisema.

Tulipoacha lami kuingia mtaa wa wakwe, nikaona hakuna njia. Ilikuwa lava tupu, mabamba na mashimo, tangu kona mpaka nyumbani kwao. Magari mengine yalikuwa yamepita. Yalikuwa na ngumi zao mbili. Nilimwambia mdogo wangu atangulie mbio, asikutwe hayupo. Baba hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshashuka.

Alitembea mbele yangu. Mimi nilimfuata na gari, mguu kwenye breki, kichwa nje ya dirisha la kulia, macho chini. Nilikuwa naangalia ncha ya bampa na jiwe lililokuwa linaikaribia. Niliona kila kokoto la mtaa ule. Baba sikumwona. Nilisikia tu kitu kama gunia dogo kuanguka, na nilipoinua macho alikuwa chini, goti moja na mkono mmoja kwenye mawe, akijaribu kusimama bila kuushika ukuta wa watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo alikimbia akamshika kwapa.

Nilivuta breki nikatoka. Na sasa niseme lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Nilipotoka, kabla ya kufika kwake, niliinama nikaangalia bampa. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili. Nilipoinuka, baba alikuwa amesimama na ananitazama. Aliona.

Kiganja chake kilikuwa kimechanika. Mawe haya yanakata kama chupa, kila mtu wa hapa anajua. Alikifunga kwa kitambaa cheupe alichokuwa ameweka kwenye mfuko wa koti kwa ajili ya urembo. Suruali ilikuwa na vumbi la kijivu gotini, na soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeachia mbele. Nikasema, "Papa, pole." Akasema, "Twende, batu banatungoja," akaendelea kutembea. Na mimi nikarudi kwenye gari, nikaendelea kumfuata polepole vilevile. Ningeweza kuliacha pale. Sijui kwa nini sikuliacha. Najua: nilifikiri watoto wa mtaa watalichezea.

Ndugu zetu walikuwa wamesimama langoni, jua likiwapiga, kwa kuwa ujumbe wa mume hauwezi kuingia bila baba. Tukaingia, tukaketishwa. Msemaji wa familia ya mke alikuwa bwana mrefu, mjomba wa bibi harusi, mwenye sauti ya kuwachekesha watu bila yeye mwenyewe kucheka. Kwenye dot, kuchelewa kunatozwa faini, kila mtu anajua, na nusu ni mzaha.

"Bakwe, karibuni," alisema. "Tuliandika saa ine. Sasa iko saa tano na nusu. Amende: casier mbili ya sucré, za baridi." Watu wakaipigia makofi faini hiyo ya kreti mbili za soda. "Lakini mbele ya kulipa, tunataka kujua. Ni nani alitucheleweshea bakwe?"

Ndugu zangu wote walitazama chini, kwa adabu. Mdogo wangu alinitazama mimi. Nilikuwa na maneno mdomoni, nilikuwa nayo kabisa. Ilikuwa kusimama tu na kusema ni gari langu, kila mtu angecheka, faini ningelipa, yangeisha. Lakini nje, kupitia lango lililo wazi, mpiga picha alikuwa amechuchumaa mbele ya gari hilo, na vijana wa familia ya mke walikuwa wamelizunguka wakilisifu. Nikayameza maneno.

Baba akasimama. Alisimama polepole, mkono uliofungwa kitambaa ukiwa nyuma ya mgongo.

"Ni miye," alisema. "Magoti yangu ilizeeka mbele yangu. Kila pahali nilimuomba mutoto asimamishe gari, nishuke, ninyooshe miguu. Hakukasirika hata mara moja. Amende ni yangu."

Kicheko kilikuwa kikubwa na cha upendo. Mjomba yule akaja mwenyewe kumshika mkono, baba akampa wa kushoto, akimwomba radhi. Kisha mjomba akanigeukia mimi.

"Bijana, munasikia? Ni mutoto gani wa leo anaweza simamisha gari mara kumi juu ya magoti ya baba yake? Mumuangalie huyu vizuri. Murume wa binti yetu anatoka familia ya namna hii."

Wakanipigia makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Niliinamisha kichwa, na wao wakafikiri ni unyenyekevu. Soda nilizokunywa siku ile, zile za faini ya baba, nazisikia mpaka leo kooni.

Mambo ya dot yalikwenda vizuri. Mbuzi walikubaliwa, na mdogo wangu akapata mke ambaye mpaka sasa namheshimu kuliko ninavyojiheshimu. Kurudi, baba alipanda teksi-basi, akisema anataka kukaa na dada yake wazungumze. Mdogo wangu alinijia wakati nafungua riboni. "Grand, ungesema kitu," aliniambia. Nyumbani mke wangu alimwosha baba mkono kwa maji ya chumvi, akaniuliza papa amefanya nini. Nikajibu, "Alianguka." Lilikuwa jibu la kweli, la aina ya yale ninayoandika mpakani kila siku.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Nilikaa juu ya tairi lile lile alilokalia baba, nikamtazama akifanya kazi siku mbili nzima, nikakosa kazini. Alilipandisha gari kwenye jeki, akatoa springi zilizokatwa, fupi, zenye ncha kali pale msumeno ulipopita. Aliweka nyingine ndefu za gari la aina hiyo hiyo lililokufa kwa ajali, na juu yake zile pete nene za aluminiamu alizokuwa amezisema. Alinionyesha kwamba ukipandisha sana mihimili ya magurudumu inavutwa vibaya, kwa hiyo kuna mwisho wake, na kwamba lazima gari lipelekwe likanyooshwe magurudumu baadaye, la sivyo litakula mapira, yaani matairi. Nilikuwa nimeshayanunua, makubwa kidogo kuliko ya zamani.

Bampa lilipotoka, nilishtuka. Kwa ndani lilikuwa limeshonwa kwa waya mahali pengi, limebandikwa gundi, limepasuka tena pembeni. Nilikuwa nimemwangusha baba kwa kulinda kitu kilichokuwa kimeshavunjika. Na pamoja na hayo, fundi alipofika kwenye mabapa ya ubavuni nilimwambia, "Hizi tuache kwanza." Ndiyo, nilisema hivyo, siku mbili baada ya kile kitambaa cheupe. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Patron, ukiacha hii, ile kazi yote ni ya bure. Jiwe haiangalie ni ya mbele ama ya mbavu."

Nikamwambia atoe. Akaweka bampa la kawaida, la kijivu, kwenye gari jeupe, maana la rangi yake halikupatikana. Gari lilisimama juu, pana mdomoni, kama gari la mkuu wa shule ya kijijini. Niliona aibu kulipeleka nyumbani, na nikaona aibu kwa kuona aibu hiyo. Mapambo niliyabeba kwenye buti. Baba aliyachukua bila kuuliza. Mabapa ya ubavuni ameyasimamisha kuzuia udongo wa mboga zake, na kuku wanalala ndani ya lile bampa la mdomo wa bata.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunakwenda Munigi, yeye na mimi tu, kuwasalimu wakwe. Kidonda cha mkono kilikuwa kimekauka, kimebaki mstari mweusi kiganjani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyapanga tangu asubuhi: papa, siku ile kosa lilikuwa langu. Tulipita jiwe la mtaani kwetu na gari halikugusa kitu, nikamtazama nikitaka aone. Lakini kitasa alikuwa amekishika. Nilidhani anajishikilia.

Kwenye dodani ya kwanza nilipunguza mwendo kama mtu yeyote anavyopunguza. Akafungua mlango.

"Papa, mubaki! Gari iko juu sasa, inapita!"

Alikuwa ameshatoa miguu. Nikakanyaga breki. Pikipiki mbili zilimkwepa, moja huku, moja huku, na yeye akazunguka mbele ya gari akiburuta goti, akasimama upande wa pili wa tuta, akanigeukia akaniita kwa vidole, namna anavyoelekezwa dereva wa lori. "Kuya! Kuya! Iko sawa!" Nikapita. Hakukuwa na sauti yoyote. Akainama, akaweka ngumi moja chini, na ya pili juu yake, ile yenye alama, zikaingia zote mbili chini ya bampa la kijivu. Alitabasamu, alifurahi kweli, kama vile kazi ile ni yake.

Alipoingia nilimwambia, "Papa, kwa nini mulishuka?"

"Sijuwe," alisema. "Iko muzoeo tu."

Maneno niliyoyapanga hayakutoka. Nimeyapanga tena mara nyingi tangu hapo. Ni mwaka wa pili huu, na kila tukisafiri pamoja, gari likianza kupungua mwendo mkono wake unakwenda kwenye kitasa kabla hajajua. Wakati mwingine anakumbuka, anaurudisha pajani, anacheka peke yake. Wakati mwingine hakumbuki. Kwa hiyo nina gari linaloweza kupita dodani zote za Goma bila kugusa, na kwenye kila dodani, nikiwa na baba, nasimama kabisa kama zamani, naangalia kioo kama kuna pikipiki, kisha naunyoosha mkono wangu mbele ya kifua chake mpaka tupite.